Swali la Jumanne

Bado linaniuma. Jumanne jioni, baada ya mazoezi ya kriketi, tukikunja mkeka wa pichi, ule unaotandikwa pale mpira unapodunda, kijana mashoto ninayemfundisha kurusha mpira aliniuliza swali nami nikalipiga chenga.

Nilikuwa nikimsimulia Charlie Llewellyn, mrushaji mpira wa zamani wa Afrika Kusini, ili ajue kuwa njia anayoitafuta kuna mashoto mwenzake aliyekwisha kuipita. Mzaliwa wa Pietermaritzburg, huko Natal, Afrika Kusini, mwaka 1876. Akaanza kuichezea timu ya Natal akiwa na miaka 18. Baba Mwingereza, mama mtu wa kisiwa cha St Helena.

"Sasa mwalimu, yeye alikuwa mtu wa wapi?"

"Wa Natal."

"Na mama yake je?"

"Shika upande huo, tukunje kabla ya magharibi."

Basi, hayo tu. Harusi ya mdogo wangu imepita Ijumaa na imefana, Jumamosi tumefungwa kwa wiketi sita, na mimi bado nimeinama pale, nimeshika ncha ya mkeka. *Na mama yake je?* Babu wa kijana huyu alishuka Tanga kutoka kisiwa cha Ngazija. Alikuwa na sababu ya kuuliza, nami jibu nilikuwa nalo.

Ningemwambia hivi. St Helena iko katikati ya Atlantiki, na watu wake wamechanganya damu za Ulaya, Afrika, Madagaska na Asia. Wengi walivuka kwenda Rasi ya Tumaini Jema na Natal kutafuta kazi. Mtoto wa mama wa huko aliichezea Afrika Kusini mechi ya testi, yaani mechi kubwa ya nchi kwa nchi ya siku kadhaa, mwaka 1896, akaendelea hadi 1912, jumla mechi 15. Baada yake nchi ile haikumpanga tena mchezaji asiye mweupe kwenye testi kwa miaka 80, mpaka Omar Henry mwaka 1992. Kati ya testi zake hizo, Llewellyn alikuwa na timu ya Hampshire, Uingereza, akicheza kwa malipo. Alifariki 1964, na miaka kadhaa baadaye binti yake mwenyewe alikanusha kwamba baba yake alikuwa na damu ya weusi. Simhukumu binti yule, maana sijui aliishi akibeba nini. Lakini yeye alikuwa akiilinda familia yake. Mimi nilikuwa nalinda nini, na mkeka mkononi?

Alhamisi kijana akaja mapema, peke yake, na mpira mfukoni. Hakurudia swali. Alitaka nimwonyeshe *ule wa pili*, mrusho wa pili wa Llewellyn, na hapo moyo ukanifunguka.

Llewellyn kwa kawaida aliuzungusha mpira kwa vidole: ukidunda, unamkimbia mpigaji wa mkono wa kulia. Halafu mara mojamoja akauzungusha kwa kifundo cha mkono, mkono uleule wa kushoto, nao ukageuka kinyume na kumwingilia. Waliorusha hivyo kabla yake ni wachache mno. Mwaka 1902, Australia walipofika, aliwatoa wapigaji 25 katika mechi tatu, juu ya mikeka kama huu wetu.

Kidole cha shahada na cha kati vikae kwenye mshono. Cha pete kikunjwe kando yake, maana ndicho kinachozungusha. Dole gumba lipumzike tu. Kifundo kikunjwe kwanza, kifunguke mpira unapotoka. Wengi huukumbatia mpira kiganjani, ukatoka bila mzunguko wowote. Ukiuachia mapema, unamfikia mpigaji bila kudunda. Ukichelewa, unadunda karibu na miguu yako na mpigaji anausubiri kwa raha. Tulianza mita 10, bila kukimbia, mpaka nikausikia ukivuma hewani. Tukasogea 15. Mita 20 kamili za pichi nilimkataza, kwa sababu bega linaanza kutumia nguvu na kifundo kinasahau kazi yake.

Wa kumi na moja au kumi na mbili hivi uliuma mkeka, ukakata kuingia ndani, ukang'oa kijiti cha katikati kati ya vile vitatu vya nyuma ya mpigaji. Akanitazama. Nikamwambia pale pale, bila kuulizwa: "Mama yake alikuwa mtu wa St Helena, na yeye alikuwa mtu wa Natal, na yote mawili ni kweli." Akasema, "Sawa, mwalimu," akaenda kuuokota mpira. Sijui kama alijua najibu swali lipi.

Kinachoninyima usingizi sasa ni mkeka wenyewe. Pale mipira inapodunda zaidi, upande wa mnazi, nyuzi za makumbi zimeanza kukatika, na misumari minne ya pembeni imeliwa na kutu. Mkeka ukilegea, mpira mmoja unazama na unaofuata unaruka usoni. Kuushona kwa kamba ya katani nitaweza, ila misumari ya urefu ule fundi anasema hadi mwisho wa mwezi, na mawingu ya vuli nimeyaona leo asubuhi.