Handakini Hamburg
Jamani, leo nimeshuka kwenye handaki la European XFEL, mtambo mkubwa wa leza ya eksirei huko Ujerumani! Mashine ilikuwa imezimwa kwa matengenezo. Ikiwa inawaka hakanyagi mtu mle. Urefu kilomita 3.4, miguu inauma hadi sasa.

Kilichonikamata ni sumaku. Zimepangwa safu mbili, kaskazini na kusini zikipishana, na elektroni zinapita katikati karibu kwa kasi ya mwanga, zikiyumba kama bodaboda inayokwepa mashimo. Zikiyumba hivyo hujipanga vitabaka, kisha zinatoa eksirei kwa pamoja. Mpigo mmoja wa eksirei hizo haufiki femtosekunde 100 (femtosekunde ni sehemu moja ya milioni ya bilioni ya sekunde). Yaani mwanga wenyewe, kwa muda huo, haujamaliza kuvuka unene wa unywele wangu! Na mipigo inafika 27,000 kwa sekunde.

Nilichungulia upenyo kati ya sumaku. Kidole tu.