384 haitoshi: pendekezo la utafiti wa uzamili wa afya ya umma ukiwa Mombasa

Masomo ya darasani hayamkwamishi mtu sana. Epidemiolojia, takwimu, afya ya mazingira, uchumi wa afya: ukihudhuria na kufanya mazoezi, yanapita. Mkwamo huanza kwenye pendekezo la utafiti. Wengi wanaokaa miaka minne kwenye shahada ya miaka miwili walibeba mada iliyowazidi kimo. "Visababishi vya vifo vya kina mama ukanda wa Pwani" si kazi ya mtu mmoja aliyeajiriwa na anayejilipia nauli. Lakini "kwa nini kina mama wa Jomvu huchelewa kuanza kliniki ya ujauzito" inafanyika. Tuitumie hiyo kama mfano hadi mwisho.

Kwanza, kuchelewa ni nini? Tangu 2016, Shirika la Afya Duniani linapendekeza mjamzito aonane na wahudumu wa afya mara 8, na mara ya kwanza iwe ndani ya wiki 12. Basi aliyeanza baada ya wiki ya 12 kachelewa, na kipimo hicho kiandikwe hivyo hivyo kwenye pendekezo. Usimtegemee mama akumbuke tu. Omba kuona kijitabu cha mama na mtoto, maana tarehe ya hudhurio la kwanza na umri wa mimba huwa vimeandikwa humo. Kisha, usiwatafute wahojiwa kliniki. Ukikaa kwenye benchi la zahanati utawapata waliokuja, na wale wasiotia mguu kabisa, ambao ndio wanaohitaji kueleweka zaidi, hutawaona. Wafuate majumbani, waliojifungua ndani ya miezi 12 iliyopita.

Sasa ile namba. Karibu kila pendekezo lina 384 kama idadi ya watakaohojiwa, yaani sampuli, na wanaoliandika hawajui imetoka wapi. Inatoka hapa: 1.96 mara 1.96, mara 0.5, mara 0.5, gawanya kwa 0.05 mara 0.05. Ile 1.96 ni ya uhakika wa asilimia 95, 0.5 ni kudhani nusu ya kina mama wamechelewa na nusu hawajachelewa, na 0.05 ni kosa unalolikubali kwenye makadirio. Jibu ni 384.16, na kwa kuwa hakuna robo mtu, unapandisha hadi 385. Hesabu hiyo inachukulia kwamba kila mama amechaguliwa peke yake kutoka orodha kamili ya kina mama wote. Orodha hiyo huna. Utachagua mitaa kwanza, halafu kina mama ndani ya kila mtaa, na majirani hufanana: zahanati yao ni moja, maji yao ya bomba moja, hata maneno wanayoyasikia kuhusu kliniki ni yale yale. Mama wa 20 wa mtaa mmoja hakuongezei habari kama mama wa kwanza wa mtaa mwingine.

Kwa hiyo sampuli huongezwa. Chukua idadi ya watu kwa kila mtaa, toa 1, zidisha kwa kiwango cha mfanano wao, ongeza 1. Tukikadiria mfanano ni 0.05 na kila mtaa una kina mama 20, tunapata 1.95. Mara 385 inakuwa 751. Gawanya kwa 0.9 kufidia asilimia 10 watakaokataa au kukosekana: 835, yaani mitaa 42. Msaidizi mzuri hufanya mahojiano 8 hadi 10 kwa siku, kwa hiyo wasaidizi wanne watatoka karibu mwezi mzima wa siku za kazi. Hapo maji yanazidi unga.

Kuna njia mbili za kupunguza mzigo. Ukichukua kina mama 10 kwa kila mtaa badala ya 20, ongezeko linashuka hadi 1.45, na sampuli inakuwa 622 kwenye mitaa 63. Mitaa imeongezeka, watu wamepungua. Au kubali makadirio yasiyo makali sana, yenye kosa la 0.07 badala ya 0.05: unaanza na 196, na ukibaki na 20 kwa mtaa unamaliza na 426. Binafsi naona 426 iliyoelezwa wazi ni bora mara kumi kuliko 384 iliyonakiliwa kwenye tasnifu ya mwenzako. Wanaokutahini watauliza ulikotoa ule 0.05 wa mfanano, kwa hiyo tafuta utafiti uliofanywa kwenye eneo linalofanana na lako na uuonyeshe.

Kwenye nyumba zenyewe, wasaidizi hukosea kwenye kuhesabu kaya. Nyumba ya Kiswahili yenye vyumba sita na ukumbi katikati inaweza kuwa na kaya sita, kila mpangaji na jiko lake. Msaidizi anayehesabu mlango wa mbele kama kaya moja ameshavuruga uwezekano wa kila mama kuchaguliwa. Mpe kanuni ya kushika: wanaopikiwa chungu kimoja na kumtambua mkuu mmoja ndio kaya. Ndani ya kaya kukiwa na kina mama wawili wanaofaa, piga kura, na uandike walikuwa wangapi kwa sababu utaihitaji namba hiyo wakati wa uchambuzi. Anayefanya kazi kiwandani Changamwe huondoka alfajiri, basi rudini mara tatu, mojawapo Jumapili, kabla ya kuandika "hayupo". Na ratiba isiangukie Ramadhani. Saa za alasiri kila mtu yuko jikoni, na haki yake.

Vibali vina mpangilio wake, na ukiuruka unarudishwa nyuma. Chuo hupitisha pendekezo kwanza, kisha kamati ya maadili iliyoidhinishwa, kisha leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, ambayo huombwa mtandaoni kwa kuambatisha barua ya kamati. Baada ya hapo ni idara ya afya ya kaunti, utawala wa kaunti, chifu, na mwisho mzee wa mtaa, ambaye usipomwona, milango itafungwa hata ukiwa na mihuri yote. Kamati nyingi hurudisha pendekezo kwa mambo madogo: fomu ya ridhaa haina nakala ya Kiswahili, dodoso halikuambatishwa, au umeandika "hakuna hatari yoyote" ilhali unamuuliza mtu mambo ya ndoa yake. Kina mama walio chini ya miaka 18 wataulizwa pia. Usiwaondoe ili kukwepa maswali, kwa sababu wao ni miongoni mwa wanaochelewa. Eleza ridhaa yao itapatikana vipi. Idhini ya maadili kwa kawaida ni ya mwaka mmoja, na kuihuisha kunaombwa kabla haijaisha.

Anayetaka kukwepa nyumba kwa nyumba hukimbilia data za KHIS, mfumo wa wizara unaokusanya ripoti za kila mwezi za vituo. Si mbaya, ila zinahesabu mahudhurio yaliyoripotiwa, wala hazikuelezi habari za asiyekuja. Tena angalia mwaka. Madaktari wa umma waligoma siku 100 kuanzia Desemba 2016, wauguzi wakagoma miezi mitano mwaka 2017. Mchoro wako ukionyesha mporomoko mkubwa 2017, usiandike kwamba kina mama walibadili tabia.

Kwenye uchambuzi kosa moja limeenea mno. Tuseme asilimia 60 ya wasiosoma zaidi ya darasa la nane walichelewa, na asilimia 40 ya waliosoma zaidi. Uwiano wa viwango, 60 gawanya kwa 40, ni 1.5. Rigresheni ya lojistiki, njia iliyozoeleka ya kuchambua jambo la ndiyo au hapana, itakupa uwiano wa odi 2.25 (odi ni waliochelewa ukigawanya kwa wasiochelewa), na mwanafunzi ataandika "wana uwezekano mara 2.25 zaidi". Si kweli. Uwiano wa odi hukaribiana na uwiano wa viwango pale tu jambo likiwa nadra, chini ya asilimia 10 hivi. Kwa jambo la kawaida kama hili tumia rigresheni ya Poisson yenye makosa sanifu imara, inayokupa uwiano wa viwango wenyewe. Programu ya takwimu ya Stata inaifanya, na ya R inaifanya bila malipo. Zote mbili ziambiwe pia kwamba sampuli ilichaguliwa kwa mitaa, la sivyo zitakupa matokeo yanayojifanya ya uhakika kuliko yalivyo.

Kabla hujamtuma msaidizi hata mmoja, chora majedwali yote ya sura ya nne, ile ya matokeo, yakiwa matupu, na vichwa vyake. Swali lisilo na jedwali linalolingoja, lifute. Dodoso likizidi nusu saa, mama mwenye mtoto mchanga mapajani ataanza kujibu "ndiyo" kwa kila kitu.