Mionzi ya tezi dume na tumbo langu
Wazee wenzangu, leo naandika lile tunaloonea haya. Nilipigwa mionzi ya saratani ya tezi dume mara 20, Jumatatu hadi Ijumaa, wiki nne. Wiki ya tatu tumbo likaanza: haja inabana ghafla, ukifika chooni unatoa ute tu, dakika kumi baadaye inabana tena. Mara mbili nilishuka daladala njiani. Maharage na maziwa niliyaacha, uji mwepesi ukanifaa.

Kaka yangu aliyeko Uingereza alipigwa mara 5 tu, dozi kubwa kubwa. Tumbo lilimsumbua mapema, likatulia ndani ya mwezi. Rafiki yake aliwekewa mbegu za mionzi, yaani vipande vidogo vinavyotoa mionzi, ndani ya tezi yenyewe. Kwake shida ilikuwa mkojo zaidi. Puru, ile sehemu ya mwisho ya utumbo, imeegemeana na tezi kwa nyuma, ndiyo maana haikwepi kuguswa na mionzi.

Mwezi wa tisa baada ya tiba nikaona damu kwenye karatasi. Niliogopa mno! Kumbe ni vimishipa vipya vya damu vilivyoota kwenye puru baada ya mionzi, vyepesi kuvuja. Lakini usijihukumie mwenyewe, nenda wakuangalie. Mimi nililala usingizi kwa amani baada ya puru kupimwa kwa kamera.