Kidingapopo

Majibu ya vipimo vya mdogo wangu yametoka leo mchana: dengue, homa inayoenezwa na mbu.

Bibi akauliza tu, "Ndiyo kidingapopo hiyo?"

Jamani, neno hilo lina umri! Mwaka 1870 homa ya viungo ilienea Unguja. Daktari Mskoti aliyekuwa akifanya kazi huko, James Christie, aliandika kwamba wenyeji waliiita kidinga pepo. "Dinga" alilieleza kuwa ni kukakamaa kwa ghafla. Pepo mnamjua.

Wengi wanaamini neno hilo lilivuka bahari hadi visiwa vya Karibi, Waspanyola wakalitamka "dengue", nasi tukaletewa upya kama la kigeni. Watafiti wa leo wanahisi homa ile ya Unguja huenda ilikuwa chikungunya, homa nyingine ya mbu, ambayo jina lake nalo ni la Kimakonde.

Jioni hii nimemtazama mdogo wangu akinyanyuka kitandani. Mkono mmoja ukutani, magoti hayanyooki, macho ameyafumba kwa maumivu. Aliyeipa homa hii jina aliwahi kukaa na mgonjwa, nina hakika.

Kwenu wazee wanaiitaje? Niandikieni, na mumwombee dogo.