Agro kwenye tumbaku: bluu imetoka, tatizo lilikuwa joto

Jamani bluu imetoka, ile rangi ya GUS, jeni ya kupimia inayoonyesha kama DNA imeingia kwenye seli za mmea! Vipande vya majani ya tumbaku nilivyoviweka na Agrobacterium (bakteria anayeingiza DNA kwenye mmea) vina madoa pembeni kabisa, pale pale wembe ulipopita, vidoti vidogo ambavyo nimeviona vizuri baada ya kutoa kijani kwa ethanoli. Katikati ya jani hamna kitu, na ndivyo inavyotakiwa.

Kabla ya hapo ilikuwa nyeupe tu, nyeupe, nyeupe, inachosha we acha tu. Vekta (DNA ya kubebea jeni) imo, nimeicheki kwa PCR, asetosiringoni (kemikali ya jeraha la mmea inayoamsha bakteria) mikromola 100 imo, pH 5.5, bakteria wanaota fresh kabisa, halafu jani kimya. Na kinachodanganya ni huko kuota fresh. Kwenye nyuzi 28 wanazaliana vizuri sana, ila ule mrija wa protini za VirB wa kupitishia DNA unataka ubaridi, na chumba mchana joto lilikuwa linapita nyuzi hizo. Yaani VirA, protini ya bakteria, ananusa kemikali za jeraha, anamwamsha VirG, jeni za vir zinawaka, VirD2 anakata T-DNA (kipande kinachohamia kwenye mmea) na kubaki ameng'ang'ania ncha ya uzi tayari kwa safari, lakini mrija usipojengeka vizuri uzi hauendi popote. Nikahamishia sahani kwenye inkubeta inayopoza, nyuzi 22, gizani, kingine chochote sikugusa. Bluu hiyo!

Na sio bluu ya bakteria wenyewe, GUS yangu ina introni ndani (kipande cha kukatwa kabla protini haijatengenezwa) na bakteria hawezi kuikata, kwa hiyo lazima jeni isomwe na seli ya mmea. Mtu anayetumia GUS isiyo na introni kwenye kazi ya Agro mimi simwelewi kabisa, utajuaje nani kapaka rangi?

Ila GUS inaniudhi kwa kitu kimoja, ukishapaka jani limekufa, huwezi kulifuatilia tena. Mpango ulikuwa kuhamia kwenye kanamaisini (antibiotiki ya kuchuja seli zilizopata jeni) nipate machipukizi, sasa hilo nimeliweka kando kwanza maana nimeanza kuiwaza RUBY, ile jeni ya kupimia inayotengeneza betalaini, rangi nyekundu kama ya biti, wekundu unauona kwa macho mmea ukiwa hai. Nikiiweka kwenye Agrobacterium rhizogenes, ndugu yake anayeotesha mizizi, napata mizizi yenye manyoya, inaota bila kuwekewa homoni, na mzizi mwekundu unaukata unaukuza peke yake. Plazimidi (duara la DNA lenye RUBY) nimeshaiingiza kwenye bakteria kwa umeme, nasubiri koloni zitokee.