Mwezi wa Sita Simu Haikulia

Leo nimeifunua ganuni, ala yangu ya nyuzi. Tangu masika ilikuwa juu ya kabati, imefungwa kwa kanga. Ngozi imelegea kwa unyevu na nyuzi zote 78 zimeshuka. Nimekaa nayo barazani, nimeshika ufunguo, nazipandisha tatu tatu. Kufika katikati nikaacha.

Miaka 14, kila Alhamisi na Jumamosi, juu ya paa la hoteli moja hapa Mji Mkongwe. Wageni wanakula, sisi tunapiga: mimi, ami yangu na fidla yake, na kijana wa dumbaki, ile ngoma ndogo. Tukimaliza tunatia saini daftarini, tunapewa pesa mkononi na sahani ya wali, tunashuka. Mkataba sikuwahi kuuona. Masika yakiingia hoteli inafunga, tunaambiwa "tutakupigieni", na mwezi wa sita wanapiga kweli. Kwa pesa ile nimesomesha watoto wawili.

Mwaka huu hawakupiga. Nilingoja hadi Julai, nikaenda mwenyewe. Mlinzi aliniamkia vizuri kama siku zote, lakini hakunitazama usoni. Kutoka juu nikasikia spika. Meneja ni mpya, mtu mpole tu, akaniambia: "Mzee wangu, wageni wa sasa wanataka muziki mwepesi."

Mwalimu wa skuli akistaafu anapewa barua, anapewa mkono, watoto wanamwimbia. Sisi vibarua hatufukuzwi, tunaachwa kuitwa. Nikimwambia mtu nimepoteza kazi, ananiuliza: kwani uliajiriwa? Sina la kumjibu, na kidole changu cha shahada kina sugu pale inapobana pete ya risha, ile ya kudonolea nyuzi.

Wazee wetu husimulia kwamba Sultan Barghash alimpeleka Mohamed Ibrahim hadi Misri ajifunze ganuni, aje kupiga kasri. Basi ala hii tangu imeingia Unguja imeishi kwa mkono wa mwenye nyumba kubwa, na nyumba kubwa ikichoka nayo, mpigaji aende wapi? Harusini siku hizi ni kinanda cha umeme. Kwenye klabu yetu ya taarabu nitaendelea kwenda, maana pale tunapiga kwa mapenzi, lakini mapenzi hayalipi umeme wa nyumbani.

Ami hajauliza kitu. Jana nimemkuta anapaka ulimbo kwenye uta wa fidla, taratibu, kama mtu anayejitayarisha kutoka. Ilikuwa Alhamisi. Nikakaa naye mpaka adhana ya Isha, hatukusema neno.

Nimekuwa nikijitahidi kukumbuka usiku wetu wa mwisho pale juu. Laiti ningejua, ningewapigia kitu kizito, katika maqamu ya Bayati, polepole. Ninachokumbuka ni kwamba mvua ilianza kudondoka katikati ya wimbo. Tukafunika ala kwa vitambaa vya meza, tukashuka ngazi mbio tukicheka, na ule wimbo hatukuumaliza.