Risala ya Kidato cha Nne

Kwenye shule zetu za sekondari mahafali hayakamiliki bila risala. Wahitimu huiandika, mwenzao mmoja huisoma mbele ya mgeni rasmi, kisha nakala hukabidhiwa mgeni mkononi. Mpangilio wake kila mtu anaujua: salamu kwa meza kuu, historia fupi ya shule, mafanikio, changamoto, maombi, shukrani. Mwaka 2004, katika shule ya kutwa niliyosoma Temeke, niliteuliwa kuisoma mimi.

Karibu yote ninayoyajua kuhusu kusema mbele za watu niliyapata katika wiki zile za kabla ya mahafali, kwa mwalimu wetu wa Kiswahili. Midahalo tulikuwa nayo, kila Ijumaa, kwa Kiingereza, na ilitusaidia sana kuzoea kusimama na kupanga hoja. Lakini kwenye mdahalo unapambana na mwenzako mpaka aishiwe. Kwenye risala unawasemea wenzako kwa mtu unayepaswa kumheshimu na ambaye unataka akusaidie. Ni kazi nyingine kabisa.

Kamati yetu ilipeleka rasimu ofisini. Upande wa changamoto tulikuwa tumeandika "upungufu wa miundombinu ya maji katika vyoo vya wanafunzi". Mwalimu akasoma, akavua miwani.

"Hii maana yake nini, mwanangu?"

"Chooni hakuna maji, mwalimu."

"Kwa hiyo inakuwaje?"

Nikanyamaza. Mle ofisini walikuwemo walimu wawili wanaume wakisahihisha madaftari. Yeye alisubiri tu, hakunihimiza. Mwishowe nikamwambia kitu ambacho wasichana wote wa shule ile walikijua: wapo waliobaki nyumbani kila mwezi siku zao zikifika, kwa kuwa shuleni hapakuwa na pa kujisafishia. Bomba lilitoa maji kwa kubahatisha, na yale ya dumu la lita 5 tuliyobeba kutoka nyumbani yaliishia kwenye kudeki madarasa.

"Basi andika hivyo," akasema.

Kamati ikagawanyika. Kaka mkuu alisema wazazi wataona tumekosa adabu. Dada mkuu akakumbusha kwamba meza kuu watakuwepo shehe na mchungaji. Hoja zao zilikuwa na uzito. Tumelelewa tukijua mambo hayo yanasemwa na shangazi au somo, chumbani, mlango umefungwa. Mwalimu hakuwabeza. Aliwauliza tu kama tafsida tuliyofundishwa darasani ilikuwa ya kujibia mtihani peke yake. Tukakaa mchana mzima na sentensi moja. Tulifuta, tukaandika, tukafuta tena, hadi ikatulia hivi: "Ndugu mgeni rasmi, wapo dada zetu katika shule hii ambao kila mwezi hukosa masomo siku tatu au nne. Hawaumwi, wala si watoro. Chooni hakuna maji."

Hapakuwa na neno la kumwinamisha mtu kichwa, na hapakuwa na mzazi ambaye asingeelewa.

Kuandika ni nusu ya kazi. Mwalimu alikuwa na kaseti ya hotuba aliyoitoa Mwalimu Nyerere kule Mbeya, Mei Mosi 1995. Wengi huikumbuka kwa aliyoyasema juu ya rushwa na ukabila. Mimi nilipewa kazi ya kusikiliza mahali anaponyamaza. Anauliza swali, anawaachia watu, wanacheka au wanaitikia, ndipo anaendelea. Baada ya hapo tulichukua kalamu nyekundu tukatia mikwaju kwenye risala nzima: mkwaju mmoja, vuta pumzi, miwili, inua macho umtazame mtu mmoja, usitazame paa. Jioni nilisoma nikiwa barazani, naye akasimama chini ya mwembe upande wa pili wa uwanja. Neno likimpotea, ananyoosha mkono, narudia sentensi yote.

"Usipige kelele," alikuwa akiniambia. "Sauti itoe tumboni, na herufi za mwisho usizimeze."

Alinisimulia pia habari za Bibi Titi Mohamed, aliyekuwa mwimbaji wa kikundi cha ngoma hapahapa Dar es Salaam kabla ya kuwaongoza wanawake wa TANU kuanzia mwaka 1955. Shule yake ilikuwa ya miaka michache tu, na bado alihutubia umati ukatulia. Mwalimu aliamini kwamba ngoma ndiyo iliyomfundisha kuwasoma watu waliosimama mbele yake. Nami naamini hivyo. Kila daladala inapopita barabara yenye jina lake, pale Maktaba Kuu, namkumbuka.

Siku ya mahafali jua lilikuwa kali, maturubai mawili, viti vya plastiki, spika zikivuma. Salamu na historia ya shule zilipita bila shida. Nilipofika kwenye sentensi yetu niliona ile mikwaju miwili, nikainua macho, nikamchagua mama mmoja wa safu ya tatu aliyempakata mtoto. Nikamwambia yeye. Nikanyamaza kama tulivyofanya mazoezi, na kimya kile kilikuwa kirefu kuliko nilivyotarajia. Ndipo mama mwingine kule nyuma akasema kwa sauti, "Kweli kabisa, mwanangu!" Vigelegele vikafuata. Kaka mkuu, aliyepinga sana, alikuwa wa kwanza kusimama kupiga makofi.

Mgeni rasmi, mzee mstaafu, aliahidi simtanki la lita 5,000, akaendesha harambee palepale ili wazazi wachangie mifereji ya kukinga maji ya mvua. Tangi lilifika sisi tumeshamaliza mitihani. Mdogo wangu, aliyekuwa kidato cha kwanza, ndiye aliyenipa habari kwamba limewekwa nyuma ya vyoo vya wasichana na lina kufuli, na ufunguo anao matroni.

Mwaka uliofuata mwalimu aliniita nikamsaidie msichana aliyeteuliwa kusoma risala yao. Nilimkuta ameandika "ukosefu wa vifaa vya maabara". Nikamuuliza, "Hivi kemia mnajifunzaje sasa?" Akaanza kunieleza jinsi mwalimu anavyochora chupa na mirija ubaoni, rangi ya majibu wakaikariri kutoka daftarini. Nikampa kalamu.